Sakafu Nyekundu ya Donholm

Mjomba alisema sakafu nyekundu ni ya zahanati. Alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu huko Donholm, Nairobi, mikono mfukoni, na nilijua kwamba nisipofungua mdomo siku hiyo sitaufungua tena katika nyumba ile.

"Ni ya zahanati na shule ya msingi," aliendelea. "Mtu akinunua nyumba siku hizi anataka kuingia aone vigae. Vile vya plastiki, vya maua. Ama kapeti, ukuta hadi ukuta. Hii simiti nyekundu hata mama yako kule nyumbani ameichoka."

"Mama hana sakafu ya simiti, mjomba. Ana ya udongo."

"Ndiyo maana umeona simiti ukadhani ni marumaru."

Fundi, aliyekuwa akikwangua rangi kuukuu dirishani, alicheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na mjomba, kaka yake mama, alikuwa mmoja wa makarani waliopewa barua na kiinua mgongo. Baadhi ya wenzake walinunua matatu za kubeba abiria. Yeye alinunua nyumba iliyochakaa, na mpango wake ulikuwa rahisi: aitengeneze, aiuze, anunue nyingine iliyochakaa zaidi. Mimi nilikuwa nikiishi na familia yake mtaani Mowlem. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka mitatu kabla ya hapo, nikatafuta kazi mpaka soli za viatu zikatoboka, nikaacha. Akanipeleka Donholm nilinde simiti na mchanga visiibwe. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Ya kusimamia ujenzi nilijipa mwenyewe.

Sikuwa na cheti cha kitu chochote. Nilikuwa na kitabu kimoja cha ujenzi, cha Kiingereza, kisicho na jalada, nilichokinunua kwa mtu aliyetandaza vitabu vikuukuu kando ya Barabara ya Jogoo. Nilikisoma kwa kamusi, mstari baada ya mstari, mpaka nikajua majina ya vyombo ambavyo sikuwahi kuvishika. Nilikuwa mtu wa wasiwasi. Nikishapima kitu mara tatu nilianza kukishuku kile nilichopimia. Kona ikiwa na kasoro ya upana wa ukucha, chakula hakikushuka. Nilijua watu wananiona kituko, na kila nilipowasikia wakinicheka nilizidi kuwa mbishi. Mtu asiye na cheti hana pa kushika ila kuwa sahihi, na mimi nilipashika kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo sikuichagua simiti nyekundu kwa kupenda rangi. Niliifanyia majaribio. Nilipata vigae viwili vya mfano kutoka dukani, kipande cha kapeti kutoka kwa mtengeneza sofa, na vibao vichache vya sakafu ya mbao kutoka nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa Buruburu. Kisha nikachanganya simiti, mchanga niliouchuja, na ule unga mwekundu wa rangi, nikamwaga kwenye vifuniko vya makopo ya rangi. Vifuniko vitano, kila kimoja na kipimo chake. Vilipokauka nilianza kuvitesa vyote.

Nilimwaga mafuta ya taa. Kigae cha plastiki kililainika, ukingo wake ukainuka kama mkate mkavu. Niliangusha kaa la moto kutoka jikoni. Kigae kilitoboka na kunuka, kapeti ikashika moto nikaikanyaga, kibao kikabaki na kovu jeusi. Simiti niliifuta kwa kitambaa. Mwezi wa saba Nairobi ni baridi, na nyumba nyingi za mitaa yetu ya Eastlands huingiza jiko la makaa sebuleni ikifika jioni. Hakuna anayeandika hivyo kwenye tangazo la kuuza nyumba, lakini ndivyo watu wanavyoishi, na mimi nilitaka sakafu ya wanavyoishi.

Hoja yangu kubwa lakini ilikuwa maji ya nguo. Mtaani maji yalikuwa yakija siku fulani na kukatika siku nyingine, na hakuna aliyeyatupa maji ya sabuni hivihivi. Jumamosi, nguo zikishaanikwa, povu lile humwagwa sebuleni, sakafu ikasuguliwa kwa fagio gumu, na maji yakasukumwa nje kwa mlango wa nyuma. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe Mowlem, Jumamosi baada ya Jumamosi, suruali nimeikunja hadi magotini. Kapeti haiwezi kuoshwa hivyo. Mbao zinavimba. Vigae vya plastiki vitavumilia kwa muda, kisha gundi inaachia.

Nilimweleza mjomba yote haya nikiwa nimepanga vifuniko vyangu sakafuni kama muuza nyanya. Alivisukumasukuma kwa ncha ya kiatu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sawa. Weka hiyo zahanati yako. Lakini nisikilize vizuri, binti. Mnunuzi wa kwanza akikunja uso kwa sababu ya sakafu, naleta watu wa vigae, na wewe unapanda basi. Dada yako amekuwa akiuliza mtu wa kumshikia watoto."

Nilielewa. Dada yangu mkubwa alikuwa na watoto wanne na duka, na kwake mtu alienda kusaidia kwa mwezi mmoja akatoka baada ya miaka sita. Sakafu ikikataliwa, sitagusa tena nyumba ya mjomba, na hakukuwa na mtu mwingine Nairobi nzima ambaye angeniacha niguse yake.

Tulianza kwa kupima sakafu ya zamani, fundi na mimi. Fundi alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Murang'a, aliyechanganya simiti kwa kukadiria na kujibu swali kwa swali. Nilikuwa tayari nimemfanya abomoe ngazi ya mlango wa mbele mara mbili, na mara zote mbili pima maji, kile kipimo cha usawa, ilinipa haki. Hakunipenda, nami sikumtegemea. Tulitumia mpira mwembamba wa kuona ndani, uliojazwa maji. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja hata ukizungusha kona, kwa hiyo huwezi kudanganywa. Kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa jikoni, sakafu ilishuka kwa upana wa vidole vitatu.

Nilifurahi. Ni aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi sana kupata kosa la watu waliojenga mtaa mzima.

"Tutainua upande wa jikoni," nilisema. "Iwe sawa kabisa."

"Hiyo iache. Sakafu inajua inakokwenda."

"Sakafu haiendi popote. Sakafu hukaa."

"Wewe umewahi kujenga?"

"Wewe umewahi kupima?"

Alitema mate dirishani. "Haya, injinia. Na hii paipu?"

Chini ya ukuta, kando ya mlango wa jikoni, kulikuwa na tundu la paipu lenye ukubwa wa chungwa, limejaa uchafu na utando wa buibui.

"Hiyo imekufa. Panya wanaingilia humo. Ziba."

"Uliuliza panya?"

"Ziba, fundi."

"Mimi nalipwa kuziba, naziba," alisema, na akaziba, akilainisha simiti kwa mwiko polepole, vizuri kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote katika nyumba ile. Ningejua kusoma watu kama nilivyosoma kitabu, ningemwuliza mbona anatabasamu.

Sakafu ilitoka nzuri. Hilo sitalikana hata leo. Tuliimwaga kwa siku mbili, tukaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ikawa na ngozi kama ya ukwaju uliomenywa, tukaifunika magunia mabichi. Kwa siku saba niliyanywesha magunia yale asubuhi, mchana na jioni, nikiogopa ufa kama mtu anavyoogopa homa ya mtoto. Kisha nta, kisha kipande cha blanketi chini ya miguu, nikateleza huku na huku hadi mapaja yakauma. Nilinunua gololi moja nikaiweka katikati ya sebule. Haikusogea. Nikaiweka kila kona. Haikusogea popote. Mjomba alikuja akaizunguka sebule mara moja, akajiona uso wake chini.

"Inang'aa," alisema. Kutoka kwake hilo lilikuwa neno refu.

Wanunuzi wa kwanza walikuja Jumapili baada ya kanisa, bado wamevaa nguo za ibada. Mume alikuwa mwalimu. Alitazama dari na kuuliza habari za hati. Mke wake alikuwa na kibanda cha nguo za watoto kule Umoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja. Yeye hakutazama dari. Alivua viatu mlangoni, akaingia miguu mitupu, akatembea akikanyaga kwa kisigino kama anayetafuta kitu kilichozikwa.

"Nyekundu," alisema. "Haitanipaka soksi?"

"Rangi iko ndani ya simiti, mama, haiko juu tu. Na ukiiosha haiharibiki. Maji ya nguo Jumamosi, unamwaga tu."

"Namwaga tu?"

"Unamwaga tu."

"Leta maji."

Mjomba alinitazama kwa fahari. Nakumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza. Nilijaza ndoo kwenye tangi la nje, nikampa. Akakunja gauni lake la kanisa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaimwaga ndoo yote katikati ya sebule.

Maji yalitanda, yakatulia. Yalikaa pale kama wageni waliokaribishwa chai.

Mama yule alisubiri. Mjomba alisubiri. Mimi niliukazia macho mlango wa jikoni.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza.

"Unasukuma, mama."

Alichukua fagio akasukuma. Maji yalikwenda hadi mlango wa jikoni, yakagonga kizingiti, yakamrudia vidoleni. Akasukuma tena. Yakamrudia tena.

"Baba, njoo uone, haya maji yananipenda," alimwambia mumewe. Kisha akaenda ukutani akainama. "Tundu la maji liko wapi? Nyumba zote za mstari huu zina tundu hapa. Wifi yangu anaishi ya nne kutoka hapa, nimeosha kwake mara ngapi."

Alivaa viatu vyake huku miguu inadondosha maji.

"Ni nyumba nzuri ya kupigia picha," alisema, na wakaondoka.

Mjomba alifunga mlango. "Nani alifanya hivi?"

Nimejaribu kuandika sehemu hii kwa njia tofauti, na kila njia inatoka ile ile. Nilisema, "Fundi."

Fundi hakuwepo, ilikuwa Jumapili. Mjomba alimtuma mtu siku hiyo hiyo akamwambie asirudi. Watu wa vigae wangekuja Alhamisi. Kuhusu basi hakusema kitu, kwa kuwa kosa sasa lilikuwa la mtu mwingine. Nilikuwa nimejiokoa. Niliendelea kukausha sebule kwa matambara, nikiyakamua ndooni, na kila tambara nililokamua nilizidi kuona jinsi nilivyokuwa mjinga. Nilikuwa nimechoma vifuniko vyangu, nimevikwaruza, nimevimwagia chai na mafuta ya taa. Lakini kifuniko cha kopo hakina mteremko. Na kitabu changu kiliandikwa na watu wa nchi ambako hakuna anayemwaga ndoo ya maji sebuleni. Kilisema sakafu iwe sawa, nami nikaiweka sawa. Jumamosi zote zile za Mowlem maji yalikuwa yakitoka nje nami nikidhani ni nguvu ya mikono yangu.

Jumatatu ilipita sikula. Jumanne nilimtafuta fundi. Nilimkuta Mowlem hiyo hiyo, akijenga ngazi ya kinyozi, wateja wamekaa benchini wakimtazama.

"Injinia," alisema bila kuinuka. "Nasikia nilikosea Donholm."

"Nimekuja kukuomba urudi."

"Nani ananirudisha? Yule aliyenifukuza ama yule aliyenisingizia?"

"Aliyekusingizia."

"Huyo hana kazi ya kunipa."

"Samahani, mzee. Nilikosa. Uliniambia niache."

"Nilikuambia. Na paipu nikakuambia." Akagonga jiwe kwa mpini wa mwiko. "Mimi nina kona mbaya, hilo najua, hata mke wangu ananiambia. Lakini sijawahi kumwachia mtu nyumba yenye maji ndani. Sasa huko kwa mjomba wako mimi ndiye huyo. Samahani yako ipeleke huko. Hapa kuna kinyozi tu."

Kinyozi alisema, "Na mimi nimesikia, basi," na benchi lote likacheka. Niliondoka masikio yakiwaka.

Jumatano asubuhi vigae vilikuwa vimeshafika. Masanduku sita, yamepangwa ukutani, picha ya maua ya buluu ubavuni. Mjomba alikuwa akiyahesabu. Nilisimama mbele yake, na kwa sababu nilijua nikianza na maneno matamu nitaishia hapo, nilianza na lile chungu.

"Fundi hakukosea. Alinikataza nisiinue sakafu, nikamlazimisha. Paipu ya maji ni mimi nilimwambia azibe. Nilikudanganya."

Aliacha kuhesabu. "Kwa hiyo nimemfukuza mtu bure."

"Ndiyo."

"Mtu mzima. Mwenye watoto."

"Ndiyo, mjomba."

"Na sasa unataka nini? Nikusamehe?"

"Nataka fundi arudi. Na nataka siku kumi na nne. Na sakafu yangu."

Alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Wewe msichana hujui kuomba msamaha. Mtu akikosa anapiga magoti. Wewe unadai!"

"Nimekosa mteremko. Sijakosa simiti." Niliyanyoshea kidole masanduku. "Ukibandika plastiki juu ya hii, itakuwa plastiki iliyo sawa. Mama atamwaga maji, yatasimama. Yataingia chini ya gundi. Baada ya miezi mitatu maua yako yatakuwa yakielea, na aliyeinunua atakuja Mowlem kukutafuta. Hii sakafu inabomolewa, mjomba, utake usitake. Kinachobaki ni kuamua nini kinawekwa baada ya kubomoa. Na hapo mimi bado nasema ni simiti nyekundu, na ukinipeleka kwa dada leo nitasema hivyo hivyo ndani ya basi."

Alitazama masanduku, akatazama sakafu. Najua hakuvutwa na ushujaa wangu. Alivutwa na maua yanayoelea. Alikuwa karani miaka ishirini, na karani huogopa mtu anayerudi na malalamiko kuliko anavyoogopa kitu kingine.

"Isiposhika," alisema, "sitaki hata uniage."

Tulikwenda Mowlem pamoja. Pale mbele ya kinyozi nilirudia yote, kwa sauti, benchi lile lile likisikiliza, na mjomba akaongeza, akitazama viatu vyake, kwamba alifanya haraka. Fundi alimwacha amalize. Kisha akaniuliza mimi, "Paipu nani anazibua?"

"Mimi."

"Kwa patasi na nyundo?"

"Kwa meno ukitaka."

"Meno utayahitaji," alisema, na kesho yake akaja.

Kubomoa kitu ulichoteleza juu yake kwa blanketi si jambo ninalomtakia mtu. Nilipiga pigo la kwanza mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aseme alilipiga. Ngozi ile nyekundu ilipasuka kama sahani. Nililia nikiwa nimeinama, nikidhani vumbi linanificha.

"Unalia nini?" fundi aliuliza. "Ni simiti. Iko nyingi."

"Ilikuwa sawa kabisa."

"Ilikuwa sawa kabisa. Ndiyo ilikuwa shida yake."

Siku nne tulibandua tabaka jipya hadi tukafikia sakafu ya zamani, nyufa zake zote na mteremko wake. Paipu niliizibua kwa nondo na nyundo, nikiwa nimelala kifudifudi, na simiti aliyoiweka fundi kwa ufundi ule wake wa kisasi ilinitoa malengelenge. Kisha tukaanza kugombana upya, maana sikuwa nimegeuka mtu mwingine. Yeye alitaka kufuata mteremko wa zamani kwa macho, akimwaga kikombe cha maji hapa na pale na kuyatazama yanavyokwenda. Mimi nilitaka uzi ufungwe kutoka ukuta hadi ukuta, ushuke kipimo kimoja kila hatua. Tulifanya vyote viwili. Mahali ambapo kikombe na uzi havikukubaliana, tulipigiana kelele mpaka jirani akatuletea chai ili tunyamaze. Kwenye mteremko alinishinda. Kwenye kona nilimshinda, na kona za nyumba ile ni za pembe mraba hadi leo, mtu yeyote akapime.

Masanduku ya vigae yalikaa pale ukutani siku zote hizo, yamefungwa, yakinisubiri nianguke.

Sakafu ilipokauka na kupakwa nta, sikumngoja mjomba atafute mnunuzi mwingine. Nilikwenda Umoja nikamtafuta yule mama kwenye kibanda chake. Alikuwa akitundika sweta za shule.

"Sijaja kukuuzia nyumba," nilimwambia. "Nimekuja uione sakafu."

"Si niliiona? Ilinilowesha gauni la kanisa."

"Ile nimeibomoa. Njoo umwage maji tena. Ukiikataa ya sasa, nitanyamaza."

Alinitazama juu hadi chini, sweta mkononi. "Msichana, wewe ni mbishi."

"Ndiyo, mama."

"Nitakuja Jumamosi. Na maji nitakuja nayo mimi, nisije nikapewa maji yaliyofundishwa."

Alikuja kweli, na mumewe, na ndoo mbili za maji ya nguo kutoka kwa wifi yake, povu bado limesimama juu, soksi moja ya mtoto imesahaulika ndani. Mjomba alisimama dirishani akijifanya anatazama barabara. Fundi alikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa. Mama akavua viatu, akaimwaga ndoo ya kwanza pale pale mlangoni pa mbele, mbali kabisa na jikoni, makusudi.

Povu lilisita kidogo. Nilishika ukuta. Kisha likaanza kutembea, pole, likipita katikati ya sebule, likikusanya vumbi njiani, likafika kizingiti cha jikoni, likakata kona, likaingia tunduni, na tukasikia maji yakidondoka nje kwenye mfereji. Hakuligusa kwa fagio.

Akaimwaga ya pili kando ya dirisha. Nayo ikaenda. Lakini kwenye kona ya kushoto, chini ya swichi ya taa, maji kidogo yalibaki, upana wa kisosi. Hakuwa ameyaona bado. Mimi niliyaona kabla hayajamaliza kutulia.

"Pale," nilisema. "Pale yanabaki. Ni kosa langu. Naweza kupabomoa, siku mbili tu."

"Akipagusa," fundi alisema, "mimi naondoka na mwiko wangu."

Mama alikwenda akapatazama, akapachovya kidole cha mguu. "Hapa nitaweka kabati ya vyombo. Wacha mikono itulie, mami." Kisha akageuka. "Baba, unaongea na huyu mzee ama unaendelea kusoma dari?"

Sikukubali moyoni kuhusu ile kona. Nasema hivyo kwa sababu huwa nasikia watu wakisimulia jinsi walivyojifunza kuacha vitu vilivyo. Mimi sikujifunza. Kama ningepewa ufunguo leo ningeingia na patasi, niisogeze hiyo kabati, nipasawazishe. Au nisipasawazishe, nipateremshe, mnanielewa.

Walikubaliana mchana ule ule. Mjomba na mwalimu walipeana mikono mlangoni, na mjomba, akiwa amechangamka, alimpiga mwalimu begani.

"Hizi nyumba za Donholm," alisema, "tangu mwanzo niliona zinataka simiti nyekundu."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka, na yeye ni mjomba wangu, na mbele ya wageni. Lakini nilikuwa nimeshasema uwongo mmoja katika nyumba ile, na sikutaka kusimama chini ya mwingine, hata mdogo, hata wa furaha.

"Hapana, mjomba. Wewe ulinunua vigae. Si ndivyo vile?"

Kila mtu aliyatazama masanduku. Fundi alianza kukohoa kile kikohozi chake. Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Mjomba alinyoosha kola ya shati.

"Vile," alisema hatimaye, "ni vya nyumba ya Umoja. Nimeshapata nyingine Umoja. Kule tunaweka plastiki."

"Sijaiona hiyo nyumba. Nikishaiona nitakuambia inataka nini."

"Nani amekuambia utaiona?"

"Na nani mwingine atakuambia maji yake yanakwenda wapi?"

Alimsindikiza mwalimu hadi barabarani wakiongea habari za mwanasheria, na hakugeuka nyuma. Jumatatu nilitangulia kufika Umoja kabla yake. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa bado anatoa vitanda. Nilimwamkia, nikajitambulisha kuwa ndiye msimamizi wa matengenezo, nikamwomba ndoo ya maji.